Kishati cha Mkono Mmoja

Dada Skola,

Shikamoo. Itikia basi, hata kama ni kwa kichwa tu, kama ulivyokuwa ukifanya ukiwa na pini mdomoni. Nusu ya Mjimwema uliisalimu kwa kichwa, na sikumsikia hata mtu mmoja akisema una maringo.

Nimekaa barazani, mahali pako. Cherehani ni ileile, ila mkanda wake nimeubadilisha na bado unalia ukipanda kitambaa kizito. Nakuandikia kwa sababu Jumatatu naenda hospitali ya misheni kutolewa ovari zote mbili, vile vifuko vya mayai ya uzazi ambavyo ndivyo vilivyokuua wewe, vikamuua mama, na nadhani bibi pia. Nina mtoto mmoja. Nikitoka huko sitazaa tena. Nimeshakubali, sahihi nimeshatia. Lakini tangu juzi kila ninachokishika kinaniponyoka, na jana nimekata kola ya shati la mtu upande usiokuwa wake. Festo akaniambia nitafute mtu niongee naye. Nikamwambia mtu ninayemtaka yuko makaburini. Akaniletea karatasi na kalamu, akachukua baiskeli akaenda kutafuta mkaa. Ndiyo aina ya mume niliyempata, nitakueleza.

Kwanza habari za mjini, maana ulikuwa mtu wa kupenda habari.

Ungerudi leo ungeuliza njia. Ile sabuni ya mche tuliyokuwa tunaigawa kwa uzi tulipokuwa wadogo, sasa imepangwa madukani mpaka darini, na wenye hela ya kuinunua ndio wamekuwa adimu. Kila mwenye ukuta ametoboa dirisha akaliita duka. Mabasi ya watu binafsi yanashindana kwa honi toka alfajiri, na makondakta wanakunyang'anya mzigo ili upande lao. Mitumba, ambayo ulipoondoka ilikuwa inamwagwa chini kidogo kidogo, ndiyo nguo ya mji mzima. Siku hizi hawaniletei kitambaa, wananiletea suruali ya Mzungu mnene wanasema, Yusta, nitoe humu mimi. Kwa hiyo nimekuwa fundi wa kupunguza. Gauni jipya nashona Krismasi na Pasaka, na pengine mtu akiolewa. Ungekuwepo ungetukana kidogo, halafu ungepunguza kuliko mimi.

Mumeo, Shemeji Anselmi, yuko Nakapanya. Mawe ya thamani yalipoanza kutoka kule Tunduru, vijana wote wa hapa walikimbilia huko na yeye akawamo. Hakupata jiwe la kumtajirisha, lakini alipata mke, na sasa wana kibanda barabarani wanauza chai na korosho kwa abiria. Ana watoto. Alipita hapa mwaka jana na mfuko wa korosho, akakaa kwenye kigoda chako, akaniuliza kama lile gauni la bluu bado ninalo. Nikasema ninalo. Hakuomba kuliona. Alimaliza chai, akaniambia, "Shemeji, mimi yule mtoto wetu na Skola nilishampa jina." Nilimwambia najua. Alipoondoka nililia, halafu nikala korosho zote peke yangu, na tumbo likaniuma.

Gauni la bluu. Sijui kama nina ubavu wa kuliandika hili, lakini nikiliruka nitakuwa sijaandika kitu.

Ulinifundisha kazi kwa maneno machache, na lililorudi kuliko yote lilikuwa, "Acha upindo." Nikikata nguo ya mwanamke kwa kubana kitambaa ulinipiga kofi la mkono. "Mwili wa mwanamke hautulii, Yusta. Acha upindo, atakuja kuuhitaji." Na kweli walikuwa wanarudi, huyu kazaa, huyu kanenepa, tunafumua mshono wa ubavuni tunaachia, gauni linakuwa jipya tena. Lako la bluu uliliachia upindo mpana kuliko wa mtu yeyote. Ulikuwa umekaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto, na mama mkwe wako alishaanza kuitikia shikamoo yako akiangalia pembeni. Kisha ukakosa siku zako. Tumbo likaanza kuinuka.

Sisi watu wa huku tunajijua. Mimba changa haitangazwi. Mimba iliyosubiriwa ndiyo kabisa, haipelekwi kliniki ikaonwa na foleni nzima, maana kuna macho ya watu. Mama mkwe wako alikuja na togwa kwenye kibuyu, mara ya kwanza toka uolewe, akasema, "Kliniki utakwenda akishacheza." Na wewe ukakubali. Mwanamke uliyekuwa mbishi kuliko wote niliowajua, siku hiyo ulikubali kama mtoto wa komunio. Nilikuona ulivyokuwa unaifunika ile furaha kwa khanga, unapita sokoni umejitanda, kila mtu anajua na hakuna anayesema.

Akacheza, ukasema. Ukanishika mkono ukauweka, na mimi nikasikia kitu kikipita chini ya ngozi. Bi Otilia mkunga akaja akakupapasa kwa mikono yake iliyozalisha nusu ya mtaa. "Kichwa hiki hapa," akasema, "kigumu, upande wa kushoto. Hili dume." Tulicheka, Dada. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama huyo hakuwa mwongo wala mzembe. Mikono yake ilikuwa inajua vichwa vya watoto, ikakutana na kitu kigumu cha mviringo mahali ilipotarajia kichwa.

Mimi ndiye niliyekuwa nafumua lile gauni. Kila likikubana ulinitupia, nami nafumua ubavuni, naachia kidole kimoja cha kitambaa, nashona tena, nakupigia pasi. Nilikuwa naimba. Upindo ulipokwisha nikaongezea kipande cha pembeni cha rangi isiyolingana sana, ukasema utakwenda nacho hivyohivyo leba, wakunga wakucheke.

Na pale chini ya meza, kwenye mfuko wa vipande, ulikuwa unafanya lile lisilofanywa. Nguo za mtoto hazishonwi kabla hajalia, kila mwanamke anajua hilo, lakini wewe ulikuwa unasubiri wateja waondoke, unatoa flaneli, unashona vishati. Uliniambia, "Ukimwambia Shangazi Generosa nakukata ulimi kwa mkasi huu." Vya kwanza vilikuwa vyeupe. Cha mwisho kilikuwa cha njano, ulikipata kitambaa chake kwa mama mmoja wa Kihindi aliyefunga duka. Ulishamaliza mwili na mkono wa kulia.

Uso wako ulikuwa unakonda, tukasema mtoto anakula. Ukawa unatapika chakula ambacho hujakimeza vizuri, tukasema ni dume, madume yanasumbua. Miguu ikawa miti. Siku uliyoshindwa kukanyaga pedali ya cherehani, ndipo Anselmi alipokataa kusikiliza tena habari za macho ya watu, akakodi gari, tukakupeleka.

Nakumbuka kile kibomba cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto. Daktari alikiweka upande wa kushoto, akakiweka kulia, akakiweka chini ya kitovu. Akarudia kushoto. Wewe ukamwambia kwa upole, sauti ya mtu anayemtetea mwanawe kwa mwalimu, "Labda amelala, daktari."

Hapo nitasimama kidogo. Mvua inataka kunyesha, niingize nguo za watu.

Nimerudi. Walikufungua wakakufunga, hapakuwa na mtoto, palikuwa na uvimbe uliokwisha kushika kila kitu. Ulipozinduka kabisa, nesi alipokwisha kukueleza, hukulia mbele yake. Ulisubiri atoke. Ukanigeukia ukasema, "Ni tumbo la mama, Yusta. Nililiogesha kwa mikono hii, nikalisahau. Limenijia mimi mwenyewe nikaliita mwanangu."

Mimi mama aliniacha nikiwa mdogo, nakumbuka khanga na harufu ya moshi. Wewe ulikuwa ndio unaota matiti, na ulimwogesha, ulimgeuza, ulijua uzito wake. Nyumbani walisema tumbo la maji. Wengine walisema amefanyiwa. Hakuna aliyetaja ugonjwa kwa jina lake, kwa hiyo hukuwa na jina la kuliogopa. Ulikuwa na sura tu ya tumbo, na sura ya tumbo la kifo na ya tumbo la mtoto, ukiwa na hamu kama uliyokuwa nayo, nani angekulaumu kwa kuzichanganya?

Mimi sikulaumu. Nasikitika tu, na masikitiko haya hayana mlango wa kutokea. Laiti mtu mmoja angetuambia tukiwa wasichana kwamba nyumba yetu ina saratani inayotembea toka mama kwenda kwa binti. Ungezaa mapema. Ungetolewa hivi vitu ukiwa bado mzima, ungekuwa hapa unanisema kuhusu kola niliyoikata vibaya. Ninayaandika haya najua ni maneno ya bure, nayaandika hivyohivyo.

Nikakuogesha wewe, ndivyo ilivyokuwa. Ulishakuwa mwepesi kila mahali isipokuwa pale.

Msibani Shangazi Generosa alisimamia maneno kama alivyosimamia vyungu. Kila aliyeuliza aliambiwa, "Uzazi umemshinda." Mpaka leo kuna watu hapa Mjimwema wanajua ulikufa na mimba. Nilitaka kubisha, akanivuta nyuma ya jiko. "Wewe hujaolewa," akasema. "Wakijua nyumba yenu ina ugonjwa wa kurithi, nani ataleta mshenga hapa? Acha dada yako afe kifo cha heshima." Alikuwa na machozi hadi shingoni, na alikuwa ananilinda. Nikanyamaza. Mfuko wa vipande nikauchukua mapema kabla hawajaanza kugawa vitu vyako, nikaufunga kwa kamba, nikaukalia.

Baada ya matanga nilirudi hospitali kuchukua shuka zetu. Yule daktari, mrefu mwenye miwani iliyofungwa waya, akaniita akanikalisha. Akauliza mama alikufaje. Akauliza bibi mzaa mama. Nilimwambia bibi naye tumbo, kule Namtumbo, zamani. Alivua miwani akaifuta kwa koti, na mimi nikajua kabla hajasema. Alisema hawezi kuniapia, kipimo cha damu cha kuthibitisha kiko nchi za mbali na hata huko ndiyo kwanza kinaanza, lakini kwa jinsi wanawake wa nyumba yetu wanavyokwenda, anaamini ugonjwa huu ni wa kuzaliwa nao. Huenda ninao, huenda sinao, kama kurusha shilingi. Ushauri wake ulikuwa mfupi: nikitaka watoto nizae sasa, nisingoje, kisha nije anitoe ovari kabla hazijaniwahi.

Nikamwuliza, na kama sina mume? Hakucheka. Alisema kwa wenzetu wana njia. Wanachukua yai la mwanamke, wanaliunganisha na mbegu ya mwanamume huko nje, wanakiweka kile kilichotungwa kwenye baridi kali kuliko barafu, na kinaweza kusubiri miaka mpaka mama awe tayari. Wengine wanajaribu kuhifadhi hata yai peke yake. Mwanamke anatibiwa au anakatwa, na uzazi wake uko salama mahali.

Mimi ndiye niliyecheka, Dada. Nilifikiria umeme wa Songea. Nilifikiria ile baa ya jirani, ambako kila mgao ukianza bia zinachemka na mwenye baa anatukana serikali. Mwanangu angeozea kwenye friji kabla ya Ijumaa kuu. Daktari naye akaanza kutabasamu, lakini kicheko changu kikageuka njiani, na akanipa kitambaa chake cha mkononi. Sikujua kama ninalia kwa ajili yako au kwa ajili ya hao wanawake wa mbali wanaoachiwa upindo.

Sasa Festo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, Mnyasa wa Mbamba Bay, mwembamba, anapenda dagaa kuliko haki. Alileta suruali nipunguze, ikapungua, akairudisha nipunguze tena, akairudisha, mpaka nikamwambia kaka, sasa hii itakuwa soksi. Ndipo alipokiri kwamba suruali haina tatizo. Ungempenda. Ungemwita majina mabaya na ungempenda.

Shangazi alinipa masharti: mshenga akiuliza, sisi tunakufa kwa mapenzi ya Mungu. Nami nilikaa nikakufikiria wewe. Nilifikiria ulivyokuwa umejitanda khanga pale sokoni. Kabla mshenga hajaja, nilimwita Festo hapa barazani mchana kweupe, nikamwekea stuli, nikamweleza yote: mama, bibi, wewe, gauni la bluu, kibomba cha mbao, shilingi ya daktari. Nikamwambia pia nikizaa binti huenda nitamwachia ugonjwa huu. Aliinuka akaondoka bila kuaga. Nikakunja kitambaa nilichokuwa nakishona, nikasema sawa, Shangazi alijua.

Alirudi baada ya misa ya Jumapili, shati limemlowa jasho, akasimama palepale alipoondokea kama mtu aliyekuwa amekwenda tu kutema mate. "Yusta," akasema, "basi tusichelewe." Akaongeza kwamba ameshindwa kula siku zote hizo, na je, kuna ugali? Palikuwa na kiporo na likolo, mboga ya majani ya maboga, akala akafuta sufuria.

Hatukuchelewa. Neema alizaliwa kabla watu hawajasahau pilau la harusi. Binti. Nesi aliponionyesha, kitu cha kwanza nilichokiangalia ni tumbo lake, kitumbo kile cha kichanga, na niliona haya kwa kukiangalia. Alivaa vishati vyako vyeupe, vyote, kimoja baada ya kingine. Flaneli yako ilikuwa bado mpya, inanukia ule mkaa wa pasi. Shangazi aliviona akaelewa vimetoka wapi, akamkunjia mtoto mikono ya kishati.

Hapa ndipo pana jambo usilolipenda. Kila mtu alijua mtoto ataitwa Skolastika. Ndivyo ilivyo, dada mkubwa ametangulia, mtoto wa kwanza wa kike anachukua jina. Nilikataa. Niliwaambia anaitwa Neema na padre akaandika Neema. Shangazi hakuongea nami mpaka jino la kwanza lilipotoka. Alisema nimekufuta. Si kweli, na wewe unajua si kweli, lakini niliogopa. Nilikuwa na mtoto ambaye huenda nimeshampa vitu vyote vya nyumba yetu bila kutaka. Jina nilikuwa na uwezo wa kulizuia, nikalizuia. Usininunie. Kama umenuna, nuna kidogo halafu acha.

Kile cha njano sikumvalisha. Kilikuwa na mkono mmoja, nami sikutaka kukimalizia kwa ajili ya Neema, nilikiweka kwa wa pili. Mdogo wake. Nilikuwa nimeshamwona, Dada, nisikufiche. Alikuwa wa kiume, mbishi, na masikio yametoka kama ya Festo. Daktari aliniambia nikipata wawili nishukuru, nami nikaona wawili ni kiasi cha haki, sikuomba timu ya mpira.

Mimba ya kwanza baada ya Neema ikatoka ikiwa changa. Iliyofuata ikakaa kidogo, ikatoka nayo. Mama mkwe wangu akatuma mizizi toka ziwani, nikainywa, chungu ile, kwa ajili ya heshima yake. Na kila mwaka nilikuwa nakwenda kwa daktari ananipapasa. Mara hii alipapasa kulia akarudia. Kuna kauvimbe kadogo. Alisema huenda si kitu, vinakuja na kuondoka. Alisema naweza kusubiri miezi kadhaa, nijaribu mara moja zaidi, akiwa ananiangalia kwa karibu. "Lakini mama Neema," akasema, "kwa nyumba kama yenu mimi sipendi kusubiri." Akaniachia mwenyewe niamue.

Mama mkwe alisafiri kuja kuniomba. Hakunitukana, angenitukana ingekuwa nafuu. Alikaa jikoni ananichambulia mchicha, akasema, "Mwanangu, jaribu mara moja tu. Mara moja. Nyumba ya mtoto mmoja ni kimya." Festo alisema atakubali lolote nitakalolisema, na niliona jinsi anavyoangalia watoto wa wenzake wakitoka shuleni. Usiku huo, na uliofuata, niliuweka mkono pale kulia. Nilijiambia labda ni kidogo, labda nina muda, labda mara moja tu. Nikajikuta naongea kwa sauti yako. Ilikuwa ni ile sauti ya "labda amelala, daktari."

Ndipo nilipoamua. Wewe ulimwogesha mama ukiwa msichana, mimi nikakuogesha wewe. Neema ana mikono midogo, bado anamwaga maji akijinawisha. Sitaki mikono ile ije ijue uzito wa tumbo langu. Kama ni kumnyima mdogo wake ili abaki na mama, basi namnyima, na nitaomba radhi kwa huyo mtoto wa masikio siku zote za maisha yangu. Nimeshaanza kumwomba. Watu wananiambia shukuru unaye mmoja, nami nashukuru, lakini kushukuru hakuondoi kitu hiki. Kuna mtu sitamwona. Nilikuwa nimemtunzia kishati.

Leo mchana nimekitoa. Nilitaka nikikunje vizuri nikiweke na gauni lako la bluu, nifunge mfuko, basi. Neema alikuwa sakafuni na magunzi yake. Unajua watoto wa huku, mahindi yakishapukuchuliwa, gunzi linakuwa mtoto. Ana gunzi moja analolibeba mgongoni kwa kipande cha khanga, analinyonyesha, analichapa. Akakiona kishati. Akasema, "Mama, cha nani?" Nikakigeuza mapajani. Akasema, "Mtoto wangu ana baridi."

Nimekaa kwenye cherehani, nimekata mkono wa kushoto kwa kufuata wa kulia. Njano haikulingana, flaneli yako ilishapata umri. Nimeushona mkono ule kwa mishono midogo kama ulivyonifundisha, na nikaacha upindo, sijui kwa nini, gunzi halikui. Nikampa. Amelivalisha gunzi, amelifunga mgongoni, anazunguka nalo uani. Nikamwuliza mwanao anaitwa nani? Akaniangalia kama mimi ndiye mjinga wa nyumba hii.

"Skola," akasema.

Sikumfundisha. Amelisikia tu, maana nyumba hii inakutaja kuliko unavyodhani. Mimi nilikunyima jina, mwanangu amekupa bila kuniuliza.

Kwa hiyo nakuahidi hili, nikiwa na akili zangu. Neema akivunja ungo, kabla hajafundishwa lolote lingine, nitamkalisha kwenye kigoda chako. Nitamwambia mama alikufa kwa nini na wewe ulikufa kwa nini. Nitalitaja jina la ugonjwa, saratani, kwa sauti, mlango ukiwa wazi, Shangazi akisikia. Nitamwonyesha gauni la bluu na mishono yote niliyoifumua. Sitamwambia ni tumbo la maji na sitamwambia uzazi ulikushinda. Na kama kufikia siku zake hiyo baridi ya kutunzia mayai itakuwa imefika hata huku kwetu, na umeme haukatiki, nitauza cherehani nimpeleke mwenyewe. Usikasirike, ni chuma tu. Na kama haijafika, atakuwa na angalau kitu ambacho wewe hukukipata, atajua mapema ili achague mwenyewe.

Festo amerudi na mkaa, amejipaka uso mzima. Jumatatu atanipeleka, na Shangazi Generosa atabaki na Neema. Shangazi amekubali mwenyewe, jana, bila kuombwa, akasema atalala hapa.

Kaa salama, Dada. Msalimie mama, mwambie khanga yake naikumbuka. Na kama huko kuna mtoto wa kiume mwenye masikio, mbishi, asiye na wa kumvalisha, mshonee wewe. Mwachie upindo.

Mdogo wako,
Yusta